Mwanamke na Kalamu ya Katuni


Wasomaji wa Uhuru walimcheka Chakubanga wa Christian Gregory, na katika kumcheka wakajiona wenyewe. Hiyo ndiyo nguvu ya katuni, wala si ya wanaume peke yao. Mwaka 1937 nchini Marekani, Jackie Ormes, mwanamke Mweusi, alianza kuchora visa vya Torchy Brown katika Pittsburgh Courier, gazeti la Weusi. Tangu 1945 hadi 1956, kwa kinywa cha mtoto Patty-Jo, aliusuta ubaguzi wa rangi. Wapelelezi wa serikali nao walimfungulia jalada. Gazeti la wanyonge ndilo lililompa nafasi. Basi, msichana achoraye pembezoni mwa daftari asichapwe, apewe karatasi.