Karte ya mtoto kwanza, tiketi nyuma

Maneno ya mama mmoja, memba wetu, mbele ya mkutano wa Kabongo kabla ya vakansi kubwa



Komite imeniomba niseme juu ya safari na watoto wadogo. Mara ya kwanza nilikataa. Mimi si munganga, si mwalimu. Wakaniambia: sema tu ile iliyokupata. Basi, nitasema ile.

Kila mwaka ni vile vile. Mwezi wa saba ukifika, masomo yamekwisha, barabara imekauka, kila nyumba inafunga mizigo. Huyu anapeleka watoto Kamina, yule anashuka mpaka Lubumbashi, mwingine anapakia mke na watoto wawili juu ya kinga na kushika njia ya kijijini. Ni jambo zuri. Sisi tuliokaa miaka kambini Zambia tunajua uzito wake. Watoto wetu wa kwanza walizaliwa Kala, hawakumjua hata nkambo mmoja. Leo mtoto analala kwenye mkeka wa nkambo wake, anakula bukari na sombe aliyopika yeye, anafundishwa Kiluba bila daftari. Sitaki mtu atoke hapa akisema nilikataza safari.

Lakini safari yetu mnaijua. Kutoka hapa mpaka Kamina ni takriban kilomita 200 za reli, na kutoka Kamina mpaka Lubumbashi njia inazidi hapo. Watu wanakaa kituoni na mizigo, wagoni inajaa, watoto wanalala mmoja juu ya mwingine. Mmoja akikohoa, wote wamekohoa.

Vakansi ya mwaka 2019 mtoto wangu wa mwisho alikuwa amepita tu miezi 9. Ndiyo miezi ya chanjo ya surua, ile wengi tunaiita rujole. Munganga alikuwa ameandika siku kwenye karte: Alhamisi. Treni ikatangazwa Jumatano. Mimi nikasema, nitampeleka nikirudi. Neno dogo tu.

Mwaka ule rujole ilikuwa inapita nchi nzima. Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza epidemi mwezi wa sita. Mpaka ilipomalizika mwaka 2020, watu zaidi ya 7,000 walikuwa wamekufa, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Mimi nilisikia habari hizo kwenye redio, nikaona ni mambo ya watu wengine.

Katika wagoni kulikuwa na mtoto wa mwenzetu mmoja, macho mekundu, anakohoa. Tulikaa naye karibu siku zote za njia. Simlaumu yule mama mpaka leo, naye hakujua. Siku kumi hivi baada ya kufika Lubumbashi, wangu akashikwa homa, makamasi, kikohozi, na macho yasiyotaka mwangaza. Kisha vipele vikaanza nyuma ya masikio na usoni, vikashuka mwili mzima.

Hapo nikakosa mara ya pili. Jirani alinipa majani, akasema: kamulia kwenye macho. Nikakamua siku tatu. Nilipofika hopitali, walimpa mtoto vitamini A siku ile, na tena siku iliyofuata. Munganga akaniuliza, mama, umetia nini kwenye macho? Nikanyamaza.

Mtoto alipona. Jicho la kushoto lilibaki na alama nyeupe, halioni. Leo anasoma shule ya msingi, anakaa benchi la mbele. Mpira anacheza. Lakini ukimpa kitu upande wa kushoto anageuza kichwa kizima ndipo akione, na kila akigeuza mimi nakumbuka ile Alhamisi. Treni ingepita tena. Ningeweza kuingoja.

Sasa niwakumbushe jambo moja. Mnakumbuka tulivyotoka Kala? Kabla ya kupanda lori kuelekea Pweto, kila mtoto alipitishwa kwa waganga. Waliangalia karte, waliangalia macho, aliyekosa chanjo alichomwa sindano. Tulinung'unika sana! Tulisema wanatuchelewesha, tunataka kufika kwetu. Kumbe kulikuwa na mtu wa kutuangalia. Kambi ilifungwa mwaka 2010, na tangu tufike hakuna anayesimama mlangoni kutuuliza karte kabla ya safari. Kama sisi wenyewe hatusimami mlangoni pa mwenzetu, nani atasimama?

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo matatu.

La kwanza: memba anayekuja kuomba mkopo wa safari kwenye likelemba, aje na karte ya kila mtoto wa chini ya miaka 5. Ikikosekana chanjo, kwanza santre ya afya, kisha pesa. Najua mtu atasema: treni haingoji. Ni kweli. Ndiyo maana tuangalie karte mapema, mara masomo yanapofungwa, si usiku wa kufunga mizigo. Na kama siku ya chanjo inaangukia safarini, beba karte, ingia santre ya pale unapofika. Chanjo haina kijiji. Chanjo za kawaida ni bure.

La pili: mzigo wa mtoto. Chandarua chenye dawa kisibaki nyumbani, maana mbu wa kwa nkambo naye anauma. Bido la maji yaliyochemshwa. Na sukari na chumvi ndani ya sashe. Mtoto akianza kuhara njiani, tia katika litre moja ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari, vya usawa, visivyojaa mlima, na nusu kijiko cha chumvi. Mpe kidogo kidogo, na ziwa lisiachwe. Kisha mpeleke kwa munganga. Atampa pia zinki. Wanaokwenda upande wa Bukama na Malemba Nkulu, kule kwenye mto na maziwa, wanajua kolera haipigi hodi.

La tatu: mtoto akipata homa na vipele, siku ile ile hopitali. Kwenye macho msitie kitu: si majani, si maziwa ya mama, si maji ya mtu wa maombi.

Kwa ninyi wasaidizi wetu: hatuombi gari. Tunaomba vyandarua vya kuazimisha wanaosafiri, na pesa kidogo sandukuni za kumlipa mtu wa pikipiki mtoto anapougua mbali na santre. Hesabu itasomwa hapa mbele yenu masomo yakianza tena mwezi wa tisa.

Mtoto wangu yuko pale nyuma, anacheza na wenzake. Nilimwomba ruhusa kabla ya kusema habari zake. Akaniuliza: watu wakisikia, watapeleka watoto wao? Nikamwambia, tutaona.

Jibu lake liko mikononi mwenu.