Mizani ya Pamba na Mizani ya Ngozi



Ndugu wapendwa, viongozi wa walei na wanajumuiya, wengi wetu tusikiapo juu ya ubaguzi wa rangi twafikiria matusi, au Afrika Kusini kabla ya mwaka 1994. Leo napenda tuanzie nyumbani, katika mwambao wa Ziwa Viktoria, penye mizani ya pamba.

Enzi za ukoloni wa Mwingereza, mkulima wa Usukuma alilima, akapalilia na kuvuna. Lakini biashara ya kununua na kuchambua pamba ilikuwa zaidi mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na serikali iliyoisimamia ilikuwa ya Wazungu. Mwenye jasho hakuwa na sauti juu ya mizani.

Mpango huo ulikuwa na sura ya sheria. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika liliwekewa wajumbe wasio wa serikali 30: Wazungu 10, Waasia 10 na Waafrika 10. Huo uliitwa usawa! Wakati huo Waafrika walizidi milioni 8, na Wazungu hawakufika 30,000. Shule nazo zilitengwa kwa rangi, hata utaratibu huo ulipofutwa mwaka 1962.

Basi tuelewe, ndugu zangu: uovu huu haukukaa moyoni mwa mtu mmoja tu. Afisa wa Kizungu aweza kuwa alikuwa mpole na mcha Mungu. Hata hivyo mtoto wake alipata nafasi ambayo mtoto wa mkulima hakuipata, naye hakuona ajabu, kwa kuwa mzigo haumwelemei asiyeubeba. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa kijamii wa mwaka 1987, aliiita hali ya namna hii miundo ya dhambi.

Wazee wetu walilitambua jambo hilo. Waliweka wapimaji wao wenyewe, wakaanzisha vyama vya msingi, na mwaka 1955 wakaviunganisha katika shirikisho la ushirika la Victoria, VFCU, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Baadaye walimiliki viwanda vyao vya kuchambulia pamba. Waliujibu mpango kwa mpango.

Lakini tuseme ukweli wote. Mwaka 1966 serikali ya nchi huru ililazimika kuunda tume ya kuchunguza malalamiko dhidi ya vyama vya ushirika nchini. Mizani haitakaswi kwa kubadili ngozi ya anayeishika. Nabii Amosi aliwakemea wapunjaji waliokuwa wa taifa lake mwenyewe. Kwa hiyo tusimchukie jirani mwenye asili ya Asia kwa makosa ya mfumo wa jana.

Tena tujichunguze. Mgeni mweupe aingiapo kanisani, mbona mama mzee huinuliwa kitini? Mbona shauri lake hupokelewa kabla halijapimwa? Ukarimu ni fadhila. Kujidharau si fadhila.

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, juma hili tujiulize: hapa petu, katika pamba, samaki, shule na parokia, nani ameshika mizani? Nani hana sauti? Nasi tutaungana na nani ili kuirekebisha?

Mungu awabariki.