Mtoto Asiyetazama Usoni

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu wa vyuo na akina mama wa Jumuiya)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote zamstahiki Yeye, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, yako mambo mawili yanayotazamiwa kwa kila mtoto: aitwapo aitike, na asemeshwapo amgeukie anayemsemesha. Asiyefanya hivyo aghalabu huitwa mkaidi. Chuoni hupigwa kwa kuwa hamtazami mwalimu; nyumbani mama yake hulaumiwa kuwa hakumlea; na majirani hunong'ona kuwa ana shetani. Wengine hufungiwa chumbani wageni wajapo. Hotuba hii yamhusu mtoto huyo, na yale ambayo wataalamu wameyagundua katika macho yake.

Hali hiyo huitwa usonji, na Waarabu huiita tawahhud, yaani kuwa peke yake. Daktari Leo Kanner wa mji wa Baltimore, Marekani, aliieleza mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Aliona kuwa watoto wale walishughulika sana na vitu, walakini watu waliokuwamo chumbani walikuwa kwao kana kwamba hawapo.

Baadaye wakatokea wataalamu waliosema kuwa kosa ni la mama: kwamba hakumpenda mwanawe, ndipo mtoto akajifungia nafsini mwake. Kauli hiyo ilienea miaka mingi, ikawaliza wanawake wengi pasipo haki. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, huko Uingereza, walichunguza jozi 21 za mapacha. Wakakuta kuwa mapacha wa yai moja huipata hali hii pamoja zaidi kuliko mapacha wa mayai mawili. Ikadhihirika kuwa asili yake kubwa imo katika umbile, wala si katika mapenzi ya mama.

Wataalamu wengine wakauliza: mtoto huyu, ikiwa hatazami nyuso, hutazama nini, na tangu lini? Mwaka 1994 Julie Osterling na Geraldine Dawson, wa Marekani, walikusanya picha za sinema ambazo wazazi wenyewe walizipiga watoto wao walipotimiza mwaka mmoja. Watoto 11 walikuwa wamekuja kutambuliwa kuwa na usonji, na 11 hawakuwa nao. Ilionekana kuwa wale wa kwanza walitazama nyuso za watu kwa uchache, hawakuelekeza kidole sana wala kuwaonyesha watu vitu, na aghalabu walipoitwa kwa majina yao hawakugeuka. Dalili zilikuwapo mbele ya macho ya wazazi, na hakuna aliyezijua.

Kisha ukapatikana mtambo wa kufuata jicho. Mwanga dhaifu usioonekana huelekezwa jichoni, na kamera hushika unavyorudi, hata ijulikane mtu anatazama wapi hasa. Mwaka 2002 Ami Klin na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Yale, waliwaonyesha sinema ya watu wanaozungumza vijana 15 wenye usonji na wengine 15 wasio nao. Wasio nao walitazama macho ya wazungumzaji kwa zaidi ya mara mbili. Wenye usonji walitazama zaidi midomo, viwiliwili, na vitu vilivyomo chumbani. Tena, miongoni mwao, waliotazama midomo zaidi walikuwa na uwezo zaidi wa kuchanganyika na watu kuliko waliotazama vitu. Basi asiyetazama macho si lazima awe hasikilizi. Huenda anayafuata maneno kwa njia nyingine.

Mwaka 2013 Warren Jones na huyo Klin walitangaza jambo kubwa zaidi. Waliwafuata watoto tangu walipokuwa wachanga hata wakatimiza miaka mitatu. Wale waliokuja kutambuliwa kuwa na usonji, walipokuwa na miezi miwili, waliyatazama macho ya watu kama wenzao. Kisha, kati ya mwezi wa pili na wa sita, kutazama kwao kukaanza kupungua. Kwa hiyo mtoto huyu hakuzaliwa amewapa watu kisogo.

Iko pia sababu ya kutomlazimisha. Uchunguzi wa Nouchine Hadjikhani na wenzake, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kuwa watu wenye usonji wakilazimika kutazama machoni, sehemu za ndani za ubongo zinazohusika na nyuso na hofu hushtuka kupita kiasi. Basi mwalimu anayeshika kidevu cha mtoto na kumwambia, "Nitazame!" huenda anamtia mashakani hasa.

Na mwaka 2012 Damian Milton, mwanachuoni wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kuwa kutofahamiana huku ni kwa pande mbili. Mwenye usonji huona taabu kuwafahamu wengine, na wengine nao huona taabu kumfahamu yeye. Ila lawama hutupiwa upande mmoja tu.

Waislamu hawana haja ya kulistaajabia neno hilo. Kila asomaye Sura ya Abasa anajua kisa cha Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyemjia Mtume (s.a.w.) kutaka mafunzo, naye Mtume yumo katika mazungumzo na wakubwa wa Kikureshi. Uso ulikunjwa, na wahyi ukashuka. Aliyekumbushwa si yule asiyeona, bali ni mwenye macho. Tangu hapo Mtume alimtukuza kipofu yule, naye akawa miongoni mwa waadhini wake.

Basi yapasa hivi. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, akiwa hageuki aitwapo, haelekezi kidole, wala haonyeshi kitu, apelekwe hospitali mapema. Kwanza yapimwe masikio yake, kwani huenda hasikii; na dalili moja peke yake haitoshi kumhukumu. Chuoni akalishwe mahali patulivu, aitwe kwa upole, na mwalimu atazame kile anachokitazama mtoto, aanzie hapo kumfundisha. Asomewe dua, kwani dua ni ibada; walakini fimbo si dua, na minyororo si tiba. Jini hathibitishwi kwa mtoto kukaa kimya. Wala asidhaniwe kuwa hana akili: wako wenye usonji waliosoma na kufundisha wengine. Na mama yake asiachwe peke yake. Jirani ampokee mtoto kwa saa moja, ili naye apate kusali kwa utulivu.

Mwenyezi Mungu awajaalie watu wa Jumuiya hii wamgeukie kila mtoto, yule awatazamaye na yule asiyewatazama.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.