Kinga Iliyomo Ndani ya Haragwe
(Hotuba ya Katibu kwa Wanachama, Kigoma)



Walionitangulia wamekwisha kunena habari za hesabu na majengo. Mimi nimepewa nafasi niseme juu ya fukusi, na si jambo dogo. Mkulima wa Kasulu au Buhigwe auzaye maharage yake mara tu avunapo, huyauza kwa bei ya chini kwa kumwogopa mdudu huyu. Walanguzi wanalijua hilo kuliko sisi.

Mmea hauna miguu ya kumkimbia adui. Badala yake huweka, katika mbegu na majani, protini zifungazo vimeng'enya vya tumboni mwa mdudu, yaani vile viyeyushavyo chakula. Mdudu hula, lakini chakula hakimfai. Hudumaa, na pengine hufa kabla ya kukomaa. Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Marekani, Green na Ryan, walionyesha kwamba jani la mnyanya au la kiazi mviringo likitafunwa na mdudu, hata majani mengine yasiyoguswa huanza kujiwekea kinga hiyo. Mama zetu nao walijua zamani kwamba haragwe lisiloiva huumiza tumbo. Kinga hizo ni sehemu ya sababu, nazo huharibika zikichemshwa barabara.

Sasa sikilizeni ajabu. Haragwe lina kinga izuiayo kimeng'enya kiyeyushacho wanga. Fukusi wa kunde akitaga juu ya haragwe, watoto wake hawakui. Lakini fukusi wa maharage hana shida, kwa kuwa kimeng'enya chake hakifungwi na kinga hiyo. Ni mwizi aliyekaa nyumbani siku nyingi hata akapata ufunguo. Kwa hiyo asitokee mtu akatuuzia unga wa maharage kuwa ni dawa ya maharage!

Wataalamu wamejaribu kuihamisha kinga toka mmea hata mmea. Mwaka 1987, Uingereza, ile ya kunde ilitiwa katika tumbaku, na viwavi wakashindwa kustawi. Mwaka 1994 ilitangazwa kuwa ile ya haragwe imetiwa katika njegere, zikawashinda fukusi. Walakini mwaka 2005 Australia iliiacha kazi ya njegere hizo, baada ya panya waliolishwa kuonyesha dalili za mzio. Wataalamu wengine walikuja kuyapinga matokeo hayo. Mimi nasema walifanya vema kusita, maana chakula ni cha watoto.

Basi sisi tufanye lililo karibu. Maharage yakaushwe sana, yapepetwe, wala yasichanganywe na ya mwaka jana. Mifuko yenye tabaka tatu isiyopitisha hewa inafaa, kwani fukusi hukosa pumzi. Dawa ya shambani isitiwe kamwe katika maharage ya kula. Tena tunayo mawese yetu wenyewe: kijiko kimoja cha chai kwa kilo moja, yakichanganywa hata kila punje ing'ae, huzuia mayai yasiangue.

Naomba kila chama cha msingi kitenge kilo mbili, moja yenye mawese na moja bila, katika vyombo viwili ndani ya ghala lile lile. Baada ya miezi mitatu karani ahesabu punje zilizotobolewa mbele ya wanachama, na hesabu hiyo iletwe kwangu kabla ya Mkutano Mkuu.