Kubadilisha Viongozi na Amana ya Kazi

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu, penye watu waliokusanyika kufanya kazi pamoja, ikiwa ni kamati ya msikiti, au madrasa, au chama cha ushirika, au ofisi ya serikali, mara kazi inapolegea utasikia neno moja tu: mwondoeni huyu, wekeni mwingine. Basi huyo huondolewa, mwingine akawekwa, na watu wakapiga takbiri. Ukipita mwaka, mambo yako pale pale au yamezidi kuharibika. Je, kinachoipeleka kazi mbele ni mtu, au ni utaratibu aliowekewa mtu huyo?

Tumtazame Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), aliyeshika ukhalifa tangu mwaka 13 wa Hijra hadi mwaka 23, yaani 634 hadi 644 wa Miladi. Katika amri zake za mwanzo alimwondoa Khalid bin Al-Walid katika ukuu wa majeshi ya Sham, akamweka Abu Ubaida bin Al-Jarrah. Khalid hakuwa ameshindwa vita. Naye hakurudi nyumbani kununa, bali alibaki jeshini akapigana chini ya mtu ambaye jana alikuwa chini yake. Na Abu Ubaida hakuona haya kutumia ujuzi wa yule aliyemtangulia. Katika vita vya Yarmuk, ambavyo wanahistoria wengi huviweka mwaka 636, Abu Ubaida ndiye aliyekuwa amiri, na Khalid ndiye aliyepanga safu.

Mwaka 17 wa Hijra Khalid aliondolewa kabisa. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar aliziandikia nchi zote kuwa hakumwondoa kwa hasira wala kwa khiyana, bali watu wamevutika naye mno, naye alichelea wasije wakamtegemea yeye. Je, kazi ilisimama? Haikusimama. Amr bin Al-As aliingia Misri baada ya hapo. Na mwaka 21, katika vita vya Nahawand, amiri An-Nuuman bin Muqarrin aliuawa vita vikiwa vimepamba moto. Jeshi halikutawanyika, kwa sababu Sayyidna Umar alikwisha kutaja mapema kwamba akifa huyu, Hudhaifa bin Al-Yaman ashike mahali pake, na baada yake fulani. Ndugu yake An-Nuuman aliipokea bendera, akamkabidhi Hudhaifa, na habari ya kifo ikafichwa mpaka ushindi ulipopatikana.

Tafadhalini lipimeni jambo hili. Ni vyama vingapi vyetu ambavyo mwenyekiti akiugua juma moja tu hapana ajuaye ufunguo wa kabati uko wapi?

Lakini msidhani kwamba kila badiliko la Sayyidna Umar lilileta utulivu. Mji wa Kufa ulimtaabisha. Saad bin Abi Waqqas, aliyeuasisi mji huo, alishitakiwa na baadhi ya watu wake kwa mengi, hata wakasema kuwa hajui kusalisha. Sayyidna Umar alituma mjumbe akauliza msikiti baada ya msikiti, nao wakamsifu Saad, isipokuwa katika msikiti mmoja ambamo mtu mmoja alisimama kumlaumu. Hata hivyo alimwondoa ili kuzima fitina. Na alipokuwa anakata roho alimtia Saad miongoni mwa watu 6 wa kumchagua khalifa, akabainisha kuwa hakumwondoa kwa udhaifu wala khiyana. Kuondolewa, basi, si kuvunjiwa heshima, na wala si ushahidi wa wizi.

Akapelekwa Ammar bin Yasir, na hapa pana utaratibu wa kuzingatiwa. Sala na jeshi vilikuwa mikononi mwa Ammar. Baitulmali alipewa Abdallah bin Masuud. Kupima ardhi alipewa Uthman bin Hunaif. Mtoa amri hakuwa mshika fedha. Posho yao ilikuwa kondoo mmoja kwa siku: nusu ya Ammar, na robo kwa kila mmoja wa wale wawili. Pamoja na hayo, desturi ya Sayyidna Umar ilikuwa kuandika mali ya mtumishi siku anapopewa kazi, na kuwasikiliza raia wakati wa Hija juu ya watawala wao. Hata hivyo watu wa Kufa walinung'unika tena, na Ammar hakutimiza miaka miwili. Lau wangekuwa na kamati ya madrasa, hatujui nani angekubali kuwa mwenyekiti wao. Imepokewa kuwa Ammar alipoulizwa kama kuondolewa kulimuudhi, alijibu kwamba kupewa kazi hakukumfurahisha, lakini kuondolewa kulimuumiza. Huo ni ukweli wa moyo wa mwanadamu, hata moyo wa Sahaba.

Nasi tuna la kukiri. Tulipata kuwa wajumbe katika kikao kilichoiondoa kamati ya madrasa moja. Tulisema kwa sauti kubwa, tukashinda, tukapeana mikono. Hapana hata mmoja wetu aliyedai makabidhiano. Kamati mpya ikachonga muhuri mpya. Mweka hazina wa zamani, aliyekwisha kutukanwa hadharani, alileta daftari moja lililoandikwa kwa kalamu ya risasi, bila stakabadhi. Haikujulikana nani amelipa ada na nani hajalipa. Walimu walikaa miezi mitatu bila posho. Wawili wakaenda zao, na watoto wa darasa la chini wakawa wanarudishwa majumbani. Yule mzee huenda hakula hata senti. Hatukumuuliza kwa adabu, basi hatutajua.

Ndugu zangu, Qurani Tukufu imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na daftari ni amana, ufunguo ni amana, na jina la mtu anayetoka ni amana vile vile. Kabla hamjapiga kura ya kumwondoa mtu, zihesabuni fedha mbele yake na mbele ya mashahidi, ziandikwe, atie sahihi anayetoa na anayepokea. Kisha mshukuruni kwa alilolifanya, na mwombeni akae karibu na mrithi wake mwezi mmoja au miwili, kama Khalid alivyokaa na Abu Ubaida.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi, na awalipe walimu wale haki yao ambayo sisi tuliipoteza. Amin.