Ajali Haina Kinga, Lakini Ufa Una wa Kuuziba

(Mhadhara uliotolewa mbele ya vijana baada ya swala ya alasiri)



 Mada niliyopewa leo ni haki ya mtu aliyeumia kwa sababu ya jengo bovu. Najua futari iko karibu, kwa hiyo sitarefusha.

Kwetu sisi, mtu akianguka kwenye ngazi mbovu, neno la kwanza analoambiwa ni "ajali haina kinga". La pili ni "hiyo ni kadari, subiri". Kweli, kadari tunaiamini na subira twaijua thamani yake. Lakini wazee waliotuachia methali hiyo ndio hao hao waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa ngazi imevunjika miezi sita, kila mpangaji amelalamika, na mwenye nyumba aonekana tu siku ya kuchukua kodi. Mtu akivunjika mguu hapo, hiyo si ajali tena. Ni uzembe, na uzembe una mwenyewe.

Jambo hili si geni katika fiqhi. Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi walilijadili katika mas'ala ya ukuta ulioinama. Ukuta umeinamia njia, mwenyewe akaonywa aubomoe, akapata muda wa kutosha na asifanye kitu, kisha ukaanguka ukaleta hasara: atalipa. Hukumu hiyo iliingia hata katika Majalla, mkusanyiko wa sheria za dola ya Uthmaniya uliotungwa kati ya 1869 na 1876. Angalieni msingi wake: alionywa, akapuuza.

Na sisi hapa Kenya tumeyaona. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jumba la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, mvua kubwa ikinyesha. Watu zaidi ya 50 walifariki. Jengo hilo lilikuwa limeshatajwa kuwa si salama, na bado watu walikuwa wakilala ndani na kodi inalipwa. Hebu niambieni, hapo tulaumu mvua?

Sheria ya Kenya, Sura ya 34, inasema hivi: mwenye kusimamia mahali ana wajibu wa kuchukua tahadhari ya kutosha ili anayeingia kwa ruhusa awe salama. Sikilizeni vizuri, nimesema mwenye kusimamia, si mwenye hati ya shamba peke yake. Anaweza kuwa mwenye duka, mwenye hoteli, shule, au landilodi kwa zile ngazi na varanda wanazotumia wapangaji wote. Na tusijifiche, yaweza kuwa kamati ya msikiti au ya madrasa pia. Sheria hiyo inasema tena kwamba lazima utarajie mtoto hatakuwa na uangalifu wa mtu mzima. Kibao cha "Hatari" kando ya shimo la choo hakimkingi mtoto asiyejua kusoma. Shimo lifunikwe!

Sasa, ukiumia ufanye nini? Kwanza tibiwa, na uweke kila risiti: ya dawa, ya eksirei, hata ya teksi ya kwenda hospitali. Mahakama hairudishi gharama usizoweza kuzithibitisha. Pili, piga picha pale mahali siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho asubuhi fundi atakuwa ameshaita saruji. Tatu, chukua majina na simu za walioshuhudia. Nne, kaandikishe polisi upewe nambari ya OB. Na akija mtu na bahasha ya elfu mbili na karatasi ya kutia sahihi, usitie mpaka umpate wa kukusomea na kukueleza.

Kesi hii haiendi kwa Kadhi. Katiba ya 2010 imempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Madai ya kuumia yanakwenda mahakama ya kawaida. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na huko unaweza kujisimamia bila wakili. Aliyeumia akiwa kazini ana njia nyingine, chini ya sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya 2007.

Muda nao haungoji. Una miaka mitatu tangu siku ya kuumia. Kama unayemdai ni serikali, ni miezi 12 tu. Wengi wamepoteza haki zao, si kwa kukosa ushahidi, bali kwa kukaa wakiambiana "tutaona baada ya Idi". Na jueni kuwa kama wewe mwenyewe ulizembea, fidia itapunguzwa kwa kiasi cha uzembe wako.

Wengine watasema, "Ustadh, kusamehe si bora?" Ni bora, ndugu yangu. Lakini asamehe aliyeumia mwenyewe, akiijua haki yake, bila kushurutishwa. Mzee wa mtaa hana ruhusa ya kumsamehea mjane. Ami hana ruhusa ya kusamehe haki ya mayatima ili asivunje urafiki na tajiri.

Namalizia na sisi wenyewe. Mwezi huu misikiti imejaa. Leo, kabla ya tarawehe, vijana wanne wazunguke. Waangalie nyaya za umeme zilizopita majini pale pa kutawadhia, ngazi za kwenda upande wa akina mama, na kamba za turubai la nje. Mtakachokiona, mwandikieni barua katibu wa kamati, mtie tarehe, mbaki na nakala. Akishaonywa, hana tena la kusema hakujua.

Allah atulinde na atujaalie wenye kulinda wenzetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.