Nguo Itokayo Mtini



Nimeombwa kusema machache juu ya nguo za kale za Kiafrika. Wengi wakizungumza habari hizi huanza na uzi wa pamba na kitanda cha mfumi. Lakini kwa jirani zetu wa Buganda nguo yenye heshima kupita zote haikufumwa kamwe. Ilibanduliwa mtini. Waganda huiita lubugo.

Mti wenyewe ni mutuba, wa jamaa moja na mkuyu, na ule mugumo ambao wazee wa Kikuyu waliuheshimu sana. Wakati wa mvua fundi hukwangua ganda la nje, akakata duara juu na duara chini, akapasua kwa urefu, kisha akalibandua gome la ndani likiwa zima. Mara hiyo hiyo huuvika mti majani ya mgomba, kama mtu afungavyo jeraha, nao huota gome jipya. Mti mmoja ukitunzwa huvunwa miaka mingi. Mimi hustaajabia jambo hili kuliko nguo yenyewe.

Gome hupigwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mifuo, kwanza mipana, mwisho myembamba, hata likapanuka na kuwa laini. Kazi hufanywa katika banda lililo wazi, maana jua likiliwahi hukauka upesi mno. Likiisha kulainika ndipo huanikwa, nalo hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Ufundi huu ni urithi wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi-maji.

Zamani waliivaa wanaume kwa wanawake; wanawake walijifunga mshipi kiunoni. Ya wafalme na wakuu ilitiwa rangi nyeupe au nyeusi.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani yetu wenyewe ilipeleka huko merikani. Pamba hufulika, na gome halistahimili maji, kwa hiyo siwalaumu walionunua. Lakini lubugo ikabaki hasa nguo ya mazishi na ya sherehe, hata wako waliodhani kuwa ni sanda tu, na mafundi wakapungua.

Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi wa wanadamu wote. Kisha Machi 2010 moto ukaiteketeza nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi, Kampala, walikozikwa Kabaka wanne, pamoja na pazia lake la lubugo. Pazia la namna hiyo haliagizwi kiwandani. Lazima awepo mtu ajuaye kupiga gome, na mutuba uliosimama. Nyumba ilijengwa upya, na mwaka 2023 Kasubi ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Wenye mashamba watapenda kujua kwamba mutuba hupandwa kwa kusimika tawi, na kivuli chake huifaa migomba na mibuni.